The Crown na malkia wake watatu

Msimu wa tatu wa The Crown unaanza na stempu. Malkia Elizabeth anaonyeshwa picha mbili za uso wake uliogeuzwa upande, moja ya enzi za ujana wake na nyingine mpya itakayobandikwa kwenye barua za Waingereza, huku maofisa waliomzunguka wakihangaika kutafuta maneno ya adabu ya kumweleza kwamba amekuwa mtu mzima. Mwenyewe hana haja na adabu hiyo. Anasema kwa kifupi kwamba umri haumhurumii mtu, na kwamba hakuna la kufanya isipokuwa kuendelea. Uso wa picha ya kwanza ni wa Claire Foy, aliyeuvaa uhusika huo kwa misimu miwili. Wa pili ni wa Olivia Colman, ambaye mtazamaji ndiyo kwanza anakutana naye. Tamthilia nyingi zinapombadilisha mwigizaji huomba kimyakimya kwamba tusigundue. Hii imeziweka sura mbili sambamba na kututaka tuzitazame vizuri.

Tamthilia hii, iliyotungwa na Peter Morgan na kuonyeshwa na Netflix kuanzia tarehe 4 Novemba 2016 hadi tarehe 14 Desemba 2023, ina misimu sita yenye jumla ya sehemu 60, na inamfuata Elizabeth wa Pili tangu mwaka wa harusi yake, 1947, hadi mwaka 2005. Ni vigumu kwa mwigizaji mmoja kuubeba muda huo wote bila kupakwa vipodozi tabaka juu ya tabaka, na njia iliyochaguliwa hapa ni kwamba kila baada ya misimu miwili waigizaji wakuu waondoke kwa pamoja. Ndiyo maana Elizabeth ni Foy, kisha Colman, kisha Imelda Staunton. Mumewe Philip ni Matt Smith, Tobias Menzies na Jonathan Pryce. Na mdogo wake Margaret ni Vanessa Kirby, Helena Bonham Carter na Lesley Manville. Tathmini hii inashughulika na uamuzi huo peke yake, kwa sababu ndio uliokuza misimu ya katikati na ndio, kwa maoni yangu, uliochangia misimu ya mwisho kupwaya.

Msingi wake uliwekwa mapema, na uliwekwa huku kwetu. Katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, Februari 1952, Elizabeth na Philip wanatua Nairobi na kusalimiana na wazee waliovalia mavazi yao ya heshima. Philip anamsifia mmoja wao kofia yake, na Elizabeth anamnong'oneza kwamba ile si kofia, ni taji. Baadaye wako Treetops, hoteli ya juu ya mti kule Nyeri, wakati baba yake, Mfalme George wa Sita, anapofariki Sandringham, Uingereza, na binti aliyepanda mtini akiwa mrithi anashuka akiwa malkia mwenye umri wa miaka 25. Picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini, na anayeifahamu milima ya Aberdare hatahitaji kuambiwa. Tukio la Philip kukabiliana ana kwa ana na tembo ni chumvi ya mtunzi. Hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba mwaka huohuo, na moto ulioiteketeza hoteli hiyo mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, havikupata sehemu yao katika tamthilia inayojiita ya kihistoria, na mtazamaji wa Nyeri ana haki ya kuuliza kwa nini.

Lakini lililo kubwa zaidi katika sehemu hiyo ni barua. Bibi yake, Malkia Mary, anamwandikia Elizabeth kwamba pamoja na kumlilia baba yake amlilie pia mtu mwingine, yule aliyekuwa Elizabeth Mountbatten, kwa kuwa nafasi yake imeshachukuliwa na Elizabeth Malkia; wawili hao watagongana mara nyingi, na siku zote taji ndilo linalopaswa kushinda. Mtazamaji anayeikubali barua hiyo ameshakubali nusu ya kazi ya kubadilisha waigizaji, maana ameambiwa tangu mwanzo kwamba mhusika mkuu ni taji, na kwamba mtu aliye chini yake anaweza kuondolewa na mwingine akaingia.

Ndiyo sababu makabidhiano ya kwanza, kutoka kwa Foy kwenda kwa Colman, yanastahili kusomwa na kila anayefundisha utunzi wa tamthilia. Sehemu ile ya stempu haikuishia kwenye stempu. Kisa chake kikuu ni cha Anthony Blunt, mtunzaji wa picha za kuchorwa za Malkia, ambaye mwaka 1964 alikiri kuwa alikuwa jasusi wa Wasovieti. Anayemwigiza, Samuel West, anasimama mbele ya wasikilizaji akieleza jinsi mchoro mmoja unavyoweza kuficha mwingine chini ya rangi zake. Malkia anatumia saa nzima akijiuliza nani katika nyumba yake ni yule anayedai kuwa. Swali hilo ndilo tulilo nalo sisi kuhusu yeye mwenyewe, na mtunzi amelichukua likawa hadithi. Kisha yumo John Lithgow, aliyekuwa Waziri Mkuu Winston Churchill katika msimu wa kwanza, ambaye amerudishwa kwa tukio moja tu: mzee yuko kitandani, anakaribia kufa, na mwanamke huyu mgeni anamwinamia na kumbusu. Uso mmoja wa zamani umempokea mwenye uso mpya, na tangu hapo Colman ana haki ya kurithi kila kitu ambacho Foy alikipitia na mzee yule. Mbinu hiyo ni rahisi, tena haikuhitaji maelezo yoyote.

Hata hivyo, asije mtu akaahidiwa kwamba hatasumbuka. Foy alimjenga Elizabeth wake kwa kusikiliza. Macho yake ya buluu yalikuwa yanafanya kazi ambayo mdomo ulikatazwa kuifanya, na unapomzoea mtu wa namna hiyo kwa sehemu 20 huwezi kumwacha kwa siku moja. Colman ana macho ya kahawia. Watengenezaji walijaribu kumvisha lenzi za rangi, wakajaribu pia kuyabadilisha kwa kompyuta, kisha wakaachana na yote mawili kwa kuona kwamba alipotea ndani yake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na unasema jambo kuhusu uigizaji wa watu wa kweli: kufanana kwa sura huisha umuhimu baada ya muda mfupi, lakini mwigizaji aliyezibwa macho hawezi kukombolewa na chochote.

Tofauti kubwa zaidi ni ya hulka. Colman ni mwigizaji ambaye hisia zake hukaa juu ya ngozi, na amepewa mwanamke ambaye kazi yake ni kuzizika. Mgongano huo unaonekana kuliko kwingine kote katika sehemu ya tatu, inayohusu maporomoko ya Aberfan ya tarehe 21 Oktoba 1966, ambapo kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe huko Wales kilifunika shule na nyumba na kuua watu 144, 116 kati yao wakiwa watoto. Malkia alichelewa siku nane kwenda. Tamthilia inamwonyesha akijifuta jicho ambalo halina chozi, kisha akikiri mbele ya Waziri Mkuu Harold Wilson kwamba kuna kitu kimepungua ndani yake. Colman amewahi kueleza kwamba ili asilie kweli alivaa kifaa sikioni kilichomsomea utabiri wa hali ya hewa wa mabaharia. Nikiitazama sehemu hiyo nikiwa na habari hiyo, naona ugumu wa uso wake kwa namna nyingine: ni mtu anayejizuia kwa nguvu, ilhali Foy angeonekana kama mtu aliyekwisha kujizuia tangu utotoni. Hapa mwigizaji mpya ameongeza jambo ambalo wa kwanza asingeweza kulitoa, na sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kumtafuta Foy.

Kwa Philip, mgeni alikuja na mwenyeji akapona. Matt Smith alimfanya kijana asiyetulia kitini, mwenye miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na ilipofika mwisho wa msimu wa pili malalamiko yake yalikuwa yameanza kujirudia. (Machi 2018 watayarishaji walisema wazi kwamba Smith alilipwa zaidi ya Foy, yaani mume wa malkia zaidi ya malkia, na kwamba halitatokea tena; kubadilisha waigizaji wote kuliwapa pia nafasi ya kuanza mikataba upya.) Tobias Menzies alikuja na sauti: kavu, ya haraka, inayokata maneno kabla hayajaisha. Katika sehemu iitwayo "Moondust" anaomba kukutana faraghani na wanaanga Armstrong, Aldrin na Collins waliotoka safari ya mwezini mwaka 1969, akitarajia hekima, na anakuta vijana watatu wenye mafua ambao wana hamu zaidi ya kuuliza maisha ya kasri yakoje. Kisha anakwenda kuketi na makasisi aliowatukana siku za nyuma, na anawaambia kwamba imani imemtoka. Menzies anayasema hayo karibu bila kusogeza kiungo. Smith asingeweza, kwa sababu Philip wake alikuwa bado hajachoka, na uchovu wa namna ile hauigizwi kwa kuongeza mvi.

Margaret sina mengi ya kusema juu yake. Kirby alimwasha, Bonham Carter alimfanya mchekeshaji mwenye uchungu, Manville alipewa nafasi ndogo na kuijaza. Ila katika msimu wa tano, Manville anapomkabili dada yake kuhusu Peter Townsend, mwanaume ambaye Margaret alizuiwa kuolewa naye mwaka 1955, deni analolidai liliwekwa na waigizaji wawili ambao hawapo tena chumbani, na bado tunalikubali. Linakubalika kwa sababu pande zote mbili zimebadilishwa.

Hilo ndilo somo ambalo mashabiki wa tamthilia za Kituruki wameshaliona kwa upande wake wa pili. Katika Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa Uturuki kati ya mwaka 2011 na 2014, Hürrem, mke wa sultani, aliigizwa na Meryem Uzerli hadi alipoondoka ghafla mwaka 2013, na msimu wa nne ukaendelea na Vahide Perçin. Sultani Suleiman alibaki Halit Ergenç mwanzo hadi mwisho, akizeeshwa kwa ndevu na vipodozi. Perçin ni mwigizaji wa uzito, na Hürrem wake mzee, mkali na mwenye mahesabu, anaaminika kabisa akiwa peke yake. Tatizo linakuja anapokaa na Suleiman. Mume ni yuleyule, ukumbi ni uleule, na mke ni mgeni. Kila anaposema juu ya mapenzi yao ya ujana, jicho la mtazamaji linamwendea Ergenç na kumwuliza kama naye anamkumbuka. The Crown iliepuka mtego huo kwa kuwaondoa wote kwa mpigo, na pia kwa kuwa ilipanga tangu mwanzo, wakati wenzao wa Istanbul walilazimishwa na tukio.

Basi kwa nini makabidhiano ya pili, ya msimu wa tano, hayakufua dafu? Kanuni ni ileile, na Imelda Staunton si mwigizaji mdogo. Sababu ya kwanza ni kwamba mtunzi alitumia mbinu iliyokuwa imeshachoka. Msimu unafunguliwa na Foy, aliyerudi kwa dakika chache akizindua meli ya Britannia mwaka 1953, kisha tunarukia miaka ya 1990 ambapo Staunton anapimwa afya na meli hiyo inadaiwa matengenezo makubwa. Meli ni Malkia, Malkia ni meli. Tumeelewa, lakini tunaendelea kuelezwa. Stempu ilisema jambo hilohilo kwa tukio moja na kulifunga.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Hakuna mtazamaji wa kawaida anayejua jinsi Elizabeth alivyozungumza na mumewe mwaka 1956, kwa hiyo Foy ndiye aliyetupatia malkia wa miaka hiyo. Miaka ya 1990 tunayo sote, hata tuliokuwa tukiitazama kwenye runinga ya jirani: mahojiano ya Diana ya 1995, ajali ya Paris ya tarehe 31 Agosti 1997, maua mbele ya lango la kasri. Mwigizaji wa msimu wa tano hashindani tena na mwigizaji aliyemtangulia, anashindana na watu wenyewe. Na msimu huo ulitoka tarehe 9 Novemba 2022, miezi miwili tu baada ya Malkia wa kweli kufariki tarehe 8 Septemba, wakati dunia nzima ilikuwa imetoka kuutazama uso wake kwa siku nyingi mfululizo. Katika hali hiyo Staunton amepewa kazi ndogo mno. Anasimama, anasikiliza, anasikitika, na hadithi inampita ikienda kwa mwanawe Charles na mkewe Diana.

Kwa Charles ndipo mshono unapofumuka. Josh O'Connor, katika misimu ya tatu na nne, alimjenga kijana aliyeinama shingo kana kwamba dari ni fupi, anayezungumza kwa kuomba radhi na ambaye unyonge wake unageuka polepole kuwa ukatili kwa mkewe. Sehemu ya msimu wa tatu inayompeleka Aberystwyth mwaka 1969 kujifunza Kiwelisi inaishia kwa mama yake kumwambia kwamba hakuna anayetaka kusikia sauti yake, na O'Connor anaipokea kauli hiyo kama mtu aliyezoea kupigwa palepale. Baada yake anakuja Dominic West: mabega mapana, kidevu juu, mtu mwenye kujiamini ambaye sehemu moja ya msimu wa tano inamwacha akicheza muziki na vijana na kufurahia maisha. Haijalishi kama Charles wa kweli alikomaa hivyo. Katika tamthilia hii hatukuonyeshwa jeraha likipona, tulibadilishiwa mgonjwa. Colman alikuwa tofauti na Foy lakini alibeba vidonda vyake vilevile. West hakubeba vya O'Connor, na kosa hilo ni la aliyemchagua na aliyemwandikia zaidi ya kuwa lake.

Diana naye alivunja ratiba. Emma Corrin alikuwa na msimu mmoja tu, wa nne, kabla ya kumpisha Elizabeth Debicki. Debicki amemnasa Diana wa picha za magazeti kwa usahihi unaotisha, ule uso ulioinamishwa na macho yanayotazama juu, na tuzo ya Emmy aliyoipata mwaka 2024 haina mjadala. Lakini ndoa ambayo yeye na West wanaizika katika msimu wa tano iliishwa na watu wengine. Tukio lililo bora kuliko yote ya msimu huo, ambapo Charles anamtembelea baada ya talaka na wakakaa jikoni na mayai ya kuvuruga, linafaulu kwa sababu wanazungumza kwa utulivu kuhusu wao kwa wao na kujitengenezea kumbukumbu yao wenyewe. Kisha mazungumzo yanapanda hasira, wanaanza kurushiana makosa ya miaka ya 1980, na nikajikuta nawaona Corrin na O'Connor. Katika msimu wa sita Debicki anarudi kama kivuli baada ya kifo, akizungumza na Charles ndani ya ndege na kisha na Malkia. Nadhani hapo tamthilia ilikosa imani na waigizaji wake.

Mwisho wake, kwa upande mwingine, unaurudia uamuzi wa kubadilisha waigizaji na kuugeuza kuwa hoja. Mwaka ni 2005, Charles anamwoa Camilla, na Malkia anayekaribia miaka 80 ametakiwa apange mazishi yake mwenyewe. Colman na Foy wanamjia Staunton, kila mmoja kwa zamu yake, kujadiliana naye kama amwachie mwanawe kiti. Hatimaye Elizabeth watatu wako ndani ya kanisa moja na jeneza, na mkubwa wao anaondoka akielekea mlangoni. Ningependa kusema ni ujanja wa bei rahisi, kwani kuwakusanya waigizaji wapendwa mwishoni ni jambo ambalo tamthilia yoyote ingelifanya. Ila hapa kila mmoja wao ana msimamo wake, na Foy, aliye mdogo kuliko wote, ndiye mgumu kuliko wote. Barua ya Malkia Mary imejibiwa na mtu aliyeisoma. Staunton mwenyewe, akiwa amepata hatimaye wa kubishana naye, anaonyesha katika sehemu hiyo moja kile alichonyimwa katika nyingi zilizotangulia.

Kwa anayeanza leo na anayehesabu vifurushi vyake vya intaneti, misimu minne ya kwanza itazamwe yote. Katika wa tano zinatosha ile ya Margaret na Townsend na ile ya jikoni. Katika wa sita, tazama ya nane, ambayo inamrudisha Margaret katika siku zake za mwisho pamoja na usiku wa mwaka 1945 ambapo madada hao waliponyoka kasri wakacheze katika hoteli ya Ritz, kisha nenda moja kwa moja kwenye ya mwisho. Jambo moja zaidi: waliomaliza msimu wa pili Desemba 2017 walingoja hadi Novemba 2019 kumwona Colman, na katika miezi hiyo Foy aliwatoka kichwani. Wewe, Netflix itakuletea msimu wa tatu kwa sekunde chache bila kukuuliza. Zima kitufe cha kujiendeleza, tazama kitu kingine kwa wiki mbili tatu, halafu urudi.